Talaka ya Wiki Mbili Haipo: Matangazo ya Mawakili wa Ndoa Uganda na Sheria Ilivyo

Tangazo lenyewe huzunguka WhatsApp na TikTok: picha ya mizani, pete iliyokatika, "talaka haraka, siri yako salama, lipa kidogo kidogo", kisha namba ya simu. Jina la ofisi hakuna. Mengi ambayo watu wa Kampala, Mbale au Arua wanaamini kuhusu talaka yametoka humo, na mengi si kweli.

"Anayejitangaza sana ndiye wakili hodari"

Kwa Uganda ni karibu kinyume chake. Kanuni za maadili ya mawakili zinakataza wakili kutafuta wateja kwa matangazo au kwa kutumia wapiga debe. Anaruhusiwa kuandika au kujibu maswali ya sheria kwenye vyombo vya habari, lakini jina lake halitajwi mpaka Law Council, chombo kinachosimamia mawakili, imruhusu. Tunachanganyikiwa kwa sababu simu zetu zinatuletea matangazo ya nchi nyingine. Marekani mawakili hujitangaza tangu Mahakama ya Juu ya huko ilipofungua mlango mwaka 1977, na mwaka 2007 ofisi moja ya Chicago iliweka bango barabarani lenye maana ya "Maisha ni mafupi, omba talaka." Hapa bango kama hilo lingempeleka mwenyewe mbele ya kamati ya nidhamu.

Kwa hiyo ukiona kelele nyingi mtandaoni, kuna mambo mawili: ni wakili anayevunja kanuni za kazi yake, au si wakili kabisa. Huyo wa pili ni kishoka, na vishoka wamejaa nje ya mahakama. Uliza jina kamili na ofisi, kisha ulizia kwa Uganda Law Society, chama cha mawakili, au Law Council kama ana leseni ya mwaka huu. Leseni hutolewa kwa mwaka, kwa hiyo ya mwaka juzi haikusaidii. Ikitokea wakili wako aliendesha kesi bila leseni hai, marekebisho ya sheria ya 2002 yanamlinda mteja asiyejua: nyaraka hazitupwi, unapewa nafasi ya kurekebisha. Ila muda umepotea, na pesa uliyolipa kuipata tena ni vita nyingine.

"Wiki mbili umemaliza"

Hapa ndipo watu wengi huibiwa. Kwa ndoa ya kanisani au ya serikali, ombi hupelekwa mahakamani likiwa na hati ya ndoa. Ikipotea, nakala iliyothibitishwa huombwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, mradi kanisa liliwasilisha kumbukumbu zake huko; yako makanisa ambayo hayakufanya hivyo, na hapo kazi huanzia kwa mchungaji. Pande zote zikiwa Waafrika, hakimu wa daraja la kwanza au hakimu mkuu anaweza kusikiliza. Vinginevyo ni Mahakama Kuu. Mwenzako hupelekewa nyaraka, anajibu, mnapitishwa kwenye upatanishi, ndipo ushahidi unasikilizwa.

Ukishinda hupewi talaka bado. Unapewa amri ya awali, ile mawakili wanayoiita nisi, na amri kamili haitolewi kabla ya miezi sita kupita. Hata kama mwenzako hakupinga neno lolote, hesabu ya wiki mbili inatoka wapi? Tena amri kamili haijileti, lazima iombwe. Wako waliobaki na karatasi ya nisi kwa miaka, wakaoa au kuolewa upya, wasijue kwamba ndoa ya kwanza bado iko hai na kwamba kufunga ndoa ya pili juu yake ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitano.

Njia rahisi ya kumbaini mwongo ni risiti. Ada ya mahakama huingia serikalini kupitia namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, haiingii kwenye simu ya mtu. Mwambie akupe risiti hiyo na namba ya kesi. Akikuzungusha siku tatu nne, ujue ombi lako bado liko kwenye mkoba wake.

"Tukikubaliana sisi wawili, inatosha"

Haitoshi. Sheria ya talaka ya Uganda asili yake ni 1904, na bado inataka sababu: uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka miwili au zaidi, na nyingine chache. Zamani mume alihitaji kuonyesha uzinzi tu, mke aongeze kosa juu ya kosa; Mahakama ya Katiba iliondoa ubaguzi huo mwaka 2004 katika kesi iliyofunguliwa na chama cha mawakili wanawake, FIDA. Mwombaji lazima pia aeleze kwamba hawakula njama na mwenzake. Wakili anayekushauri mtunge pamoja hadithi ya uzinzi ili mambo yaende mbio anakutengenezea sababu ya ombi kutupwa. Kukubaliana kuhusu mali na watoto ni jambo jingine, na ni jema: makubaliano hayo huandikwa na mahakama huyapitisha.

"Mali ni nusu kwa nusu"

Msemo huu ndio unaouza kuliko yote, hasa kwa mwenye mume aliyejenga. Katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe, iliyoamuliwa 2013, Mahakama ya Juu ilisema mali ya mtu haigeuki kuwa ya wote wawili kwa sababu tu wamefunga ndoa. Kinachotazamwa ni mchango. Mchango si pesa taslimu peke yake, kazi za nyumbani na kulea watoto nazo huhesabiwa, lakini lazima uzieleze na kuzithibitisha. Kusanya mapema: risiti za simenti na mabati, taarifa za mobile money za pesa ulizomtumia fundi, karatasi za mkopo wa SACCO, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) aliyeona nani alisimamia ujenzi. Mawakili hulalamika kwamba wateja huja na hasira nyingi na karatasi chache, na katika hili nawaunga mkono.

Ardhi ya familia mnayoishi au kulima haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, kesi iwepo isiwepo. Ukinusa mnunuzi, weka zuio kwenye ofisi ya ardhi siku hiyo hiyo.

Na yule anayesema "usinilipe sasa, nitachukua asilimia thelathini ya nyumba"? Kanuni zinamkataza wakili kugawana na mteja kinachopatikana kwenye hukumu. Dai makubaliano ya ada kwa maandishi, ada yake ikitengwa na gharama za mahakama. Ukiona bili imezidi, una haki ya kuomba ikaguliwe na msajili wa mahakama.

"Nikiachana naye, mahari irudi"

Hapana. Mahakama ya Juu ilifuta mwaka 2015 sharti la kurudisha mahari ili ndoa ya kimila ivunjwe.

"Tumeishi miaka kumi na tano, sasa nataka talaka"

Kuishi pamoja, hata mkiwa na watoto sita, si ndoa kwa sheria ya Uganda, na kisichokuwepo hakivunjwi. Mkishafanya sherehe za kimila, kama kwanjula, hilo ni jambo jingine: hiyo inaweza kuwa ndoa ya kimila hata kama haikuandikishwa. Asiye na ndoa bado anaweza kudai sehemu ya mali aliyochangia, na matunzo ya watoto hayategemei ndoa hata kidogo. Anayekutoza "ada ya talaka" kwa hali hii anakuuzia hewa. Waislamu nao wana sheria yao ya ndoa na talaka, na hupitia kwa makadhi.

"Bila pesa ya wakili huna pa kwenda"

Matunzo ya watoto yanaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, bure. Aliyepigwa anaweza kuomba amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2010 ya ukatili wa majumbani bila kufungua talaka. FIDA, vituo vya msaada wa sheria vya Justice Centres na kliniki ya sheria ya LDC (chuo cha mafunzo ya mawakili) huwasaidia wasio na uwezo, na kila wakili anatakiwa kutoa saa 40 kwa mwaka kwa watu wa aina hiyo. Ukienda, beba hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya LC1. Wengi hurudishwa nyumbani kwa kukosa hiyo ya mwisho.