Kompyuta za Wingu kwa Watafiti: Utaratibu, Gharama na Adhabu

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko kuhusu ankara za kompyuta za wingu (kompyuta za kampuni kama Amazon, zinazokodiwa kupitia mtandao), kituo cha kompyuta cha chuo kinawakumbusha watafiti mambo yafuatayo.

Kituo hakipingi kukodi. Klasta yetu (kundi la kompyuta za chuo) ikijaa, hasa msimu wa kuwasilisha tasnifu, hiyo ni njia halali. Mwaka 2016 maabara ya fizikia ya Fermilab ya Marekani, kupitia mradi wa HEPCloud, iliongeza takriban viini 60,000 vya uchakataji kutoka Amazon kwa ajili ya CMS, jaribio la fizikia ya chembe. Ilitumia mashine za bei ya chini, ambazo Amazon ikizihitaji tena hukupa onyo la dakika mbili tu. Kama programu yako haihifadhi matokeo njiani, kazi ya siku tatu inaanza upya, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Tunaulizwa kila wiki: "Mashine nimezima, mbona bado nadaiwa?" Kuzima mashine hakufuti diski. Diski hulipiwa hadi uifute. Kupandisha data ni bure. Kuishusha ndiko kunakolipiwa. Kwa vituo vya Amazon vilivyoko Marekani bei ya kawaida ni kama senti 9 za dola kwa gigabaiti, yaani takriban dola 90 kwa terabaiti. Data za jenomu (DNA yote) ya mtu mmoja huweza kufika gigabaiti 100 kabla ya kuchambuliwa. Mwenye sampuli 200 apige hesabu mwenyewe. Chambueni hukohuko, mshushe majedwali tu.

Data za wagonjwa hazina mjadala. Seva ya Cape Town au Johannesburg iko nje ya nchi, ingawa ni Afrika (ndiyo, tumeulizwa). Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inadhibiti usafirishaji wa data nje ya nchi, na data za utafiti wa afya zinahitaji pia mkataba wa kuhamisha data kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kufuta majina huku mkiacha tarehe ya kuzaliwa, kijiji na namba ya CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) si kuficha utambulisho. Anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria hutozwa faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa taasisi, faini ni shilingi milioni 1 hadi bilioni 5.

Maombi huwasilishwa na mtafiti mkuu, yakiwa na makisio ya gharama, ukomo wa matumizi, tarehe ya kufuta data na sahihi ya mkuu wa idara, kisha hupelekwa ofisi ya fedha. Fungu la mradi lithibitishwe kabla akaunti haijafunguliwa. Msitumie kadi binafsi: barua pepe ya kushukuru kwa malipo si risiti, na mkaguzi ataikataa.

Wekeni tahadhari ya matumizi kwenye asilimia 50 na 80 ya bajeti. Kwa kawaida tahadhari hiyo hutuma ujumbe tu, haizimi mashine. Anwani inayopokea iwe ya mtu anayesoma barua pepe hata Jumapili.