Kuni tuchukue, majani tuyaache shambani

Kadoni, mmea wa miba unaolimwa Hispania na Italia kwa ajili ya nishati, ni wa ukoo mmoja na alizeti na huu mchunga tunaoupika. Naulizwa sana kama utafaa kwenye maweni, yaani ardhi nyembamba ya mawe ya matumbawe, ya Micheweni huku Pemba. Hautafaa, lakini mwenendo wake una mengi ya kutufundisha.

Kwao, kadoni huchipua na mvua za Oktoba, hujitandaza chini msimu wote wa baridi, hupandisha mashina joto likianza, na ikifika Agosti umeshajikausha wenyewe ukiwa wima. Mkulima hana gharama ya kukausha. Mizizi, iliyokwenda chini sana, hubaki hai na kuchipua tena kwa miaka kumi na zaidi bila kulimwa upya. Mvua ya milimita 450 hivi huutosha, na mwaka mzuri hekta moja hutoa tani 10 hadi 20 za mavuno makavu. Ila jivu lake ni jingi kuliko la kuni, na huganda ndani ya matanuri.

Pemba hatuna baridi ya kuufanya utoe maua vizuri, na hewa yetu ina unyevu mwingi mno kwa shina kujikausha limesimama. Kwa kuni, mimi napendekeza glirisidia, mti wa jamii ya kunde unaopandwa kwa mistari. Unachomeka fimbo yake ardhini masika yakianza, inashika. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani, chakula kikuu cha mimea, kwa hiyo haidai mbolea ya chumvichumvi. Mwaka wa kwanza uache ujijenge. Baadaye kata usawa wa goti, kwa panga kali, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki. Machipukizi hutokea chini kidogo ya mkato, na hayo ndiyo kuni za mavuno yajayo.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafunga mzigo na majani yake. Naitrojeni nyingi imo kwenye majani, nishati tunayoitaka imo kwenye mti. Pukuta majani pale pale, yatandaze chini ya mstari wa miti. Ukiyabeba yote kila mwaka, ardhi nyembamba ya maweni itachoka, na utarudi dukani kununua mbolea uliyokuwa nayo bure.

Mwenye eka tatu asiigeuze yote kuwa ya kuni. Mipaka inatosha, muhogo ubaki kati.

Kata wakati wa kaskazi, Januari au Februari, kuni zipate jua kabla ya masika. Kilo ya kuni kavu kabisa ina megajuli (kipimo cha nishati) kama 18; ikiwa nusu ya uzito ni maji, unapata kama 8 tu, kwa sababu moto unafanya kwanza kazi ya kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Mama anayepuliza jiko kwa macho mekundu analipa hasara hiyo kila siku.

Majani ukiwapa ng'ombe, sawa, wanayapenda yakishanyauka. Samadi yao basi irudi kwenye mstari ule ule ulioyatoa.