Kwa nini Fred Taylor alilipwa dola 5,250 kwa mechi 12

Mwaka 1909 klabu ya Renfrew, mji mdogo wa Ontario nchini Kanada, ilimsajili Fred “Cyclone” Taylor kwa dola 5,250 kwa msimu wa mechi 12. Wengi wakisikia hesabu hiyo huishia kushangaa. Mimi naona sababu iko ndani ya kanuni za hoki ya barafuni za wakati ule.

Uwanjani waliingia saba: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu, na rova, mchezaji huru aliyeshambulia kisha akarudi kukaba. Mabeki hawakusimama sambamba kama leo. Mmoja alikaa mbele ya mwenzake. Vipindi vilikuwa viwili vya dakika 30, na walioanza ndio waliomaliza, labda mtu aumie. Kubwa zaidi, pasi ya mbele ilikuwa marufuku: ukiwa mbele ya kisahani (kile kipande bapa cha raba kinachopigwa kwa fimbo), umeotea. Kwa hiyo kisahani kilipanda kwa miguu ya anayekimiliki, au kwa pasi za pembeni na za nyuma. Beki wa mbele aliyeweza kukichukua karibu na kipa wake, akawapita wapinzani mmoja mmoja hadi golini, na bado akawahi kurudi kukaba, alikuwa lulu. Huyo ndiye Taylor wa klabu ya Ottawa, bingwa wa Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya barafuni, mwaka 1909.

Hata kuingia kwenye hoki ya kulipwa alisukumwa. Alipokataa kuchezea klabu ya Toronto Marlboros, chama cha hoki ya ridhaa cha Ontario kilimfungia. Akaenda Manitoba, na mwaka 1906 akavuka hadi Houghton, Michigan, mji wa migodi ya shaba, kwenye ligi iliyolipa wachezaji waziwazi.

Renfrew, pamoja na fedha zote za tajiri wa migodi M. J. O’Brien, haikupata kombe, na mwaka 1911 ilivunjwa. Taylor akagawiwa klabu ya Montreal Wanderers, akagoma, akakosa karibu msimu mzima. Msimu huohuo ligi ya mashariki mwa Kanada, ile iliyokuwa na Renfrew, ikamfuta rova na kubaki na wachezaji sita. Ndugu Lester na Frank Patrick, waliocheza naye Renfrew, walimbakiza rova katika ligi yao mpya ya pwani ya Pasifiki. Ndiyo maana naona uamuzi wake wa kwenda Vancouver mwaka 1912 ulikuwa bora kuliko wowote aliofanya: nafasi hiyo ya mchezaji huru ndiyo iliyomfaa, nayo ilikuwa huko.

Barafu nayo ilimfaa. Ya asili, joto likipanda kidogo, hulainika. Chuma cha kiatu kinazama na mwenye kasi analingana na wengine. Vancouver waligandisha kwa mashine. Kisha ligi ikaruhusu pasi ya mbele katika eneo la kati, na hapo Taylor akawa mtoaji pasi pia: msimu wa 1914–15 alifunga mabao 23 na kutoa pasi za mabao 22 katika mechi 16, na Vancouver ikaichapa Ottawa mechi tatu mfululizo kutwaa Kombe la Stanley. Msimu wa 1917–18 alifunga 32 katika mechi 18.

Msimu ulikuwa wa miezi michache tu ya baridi, kwa hiyo ajira ya kudumu ilikuwa sehemu ya mapatano. Ottawa ilimvuta mwaka 1907 kwa kazi serikalini. Vancouver aliendelea kama ofisa uhamiaji, na mwaka 1914 alikuwa kazini meli ya Komagata Maru ilipofika na abiria kutoka India, ambao karibu wote walizuiwa kushuka.