Mazoezi mafupi makali ya nguvu: yanajenga misuli kweli?

Yanajenga, ila si kwa sababu ni mafupi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku jimu. Kuna kuruka kamba au kukimbia kasi sekunde 30, kupumzika kidogo, kisha kurudia. Hayo ni ya moyo na mapafu. Yatakuacha ukihema, lakini kifua na mikono havitaongezeka kwa kiasi cha kutajwa. Hapa tunazungumzia mazoezi ya vyuma: kila zoezi lina seti (mfululizo wa marudio bila kupumzika) moja au mbili tu, na kila seti inafanywa mpaka mwili ukatae kuinua tena. Mmarekani Arthur Jones, aliyeunda mashine za Nautilus, ndiye aliyeupigia debe sana mtindo huu katika miaka ya 1970.

Msuli una mafungu mengi ya nyuzi, na mwili hauyaamshi yote kwa pamoja. Huanza na mafungu madogo yasiyochoka upesi. Makubwa, ambayo ndiyo yenye nafasi zaidi ya kunenepa, huitwa mzigo unapokuwa mzito au yale madogo yanapoishiwa nguvu. Ndiyo maana katika seti ya marudio 12, kazi kubwa ya kujenga iko kwenye manne au matano ya mwisho. Anayeacha kwenye la saba kwa sababu msuli umeanza kuwaka hajafika bado. Alama ya kweli ni mwendo: unasukuma kwa nguvu ileile, lakini mzigo unapanda polepole bila wewe kutaka. Hapo umebakiza rudio moja au mawili.

Kwa sababu hiyohiyo, msukuma mkokoteni wa soko la Kibuye, Kisumu, hutoka jasho kutwa nzima na bado miguu yake haiongezeki mwaka hadi mwaka. Alijaza misuli miezi ya kwanza. Sasa mzigo ule ameuzoea na hauko karibu na kikomo chake.

Sasa gharama ya ufupi. Mwaka 2019 mtafiti wa mazoezi Brad Schoenfeld na wenzake huko New York walichapisha jaribio la wiki 8 kwa wanaume 34 waliokwisha kuzoea vyuma, mara tatu kwa wiki. Kundi moja lilifanya seti moja kwa kila zoezi, yaani kama dakika 13 kwa kipindi. Mengine yalifanya tatu au tano. Nguvu ziliongezeka karibu sawa kwa wote. Unene wa misuli haukuwa sawa: waliofanya seti nyingi walijaza zaidi. Kwa hiyo mwenye boda boda anayefika nyumbani Kondele saa mbili usiku, amechoka, atapata nguvu na mwili kiasi kwa muda mfupi. Anayetaka kupanda jukwaani kuonyesha misuli lazima akae jimu muda mrefu zaidi, hakuna njia ya mkato.

Kiwango cha chini kinachofaa kulengwa ni seti 4 kwa wiki kwa kila kundi la misuli. Gawanya siku mbili, tuseme Jumatatu na Alhamisi, seti mbili kila siku. Mazoezi manne yanatosha: kuchuchumaa kwa mguu mmoja huku wa nyuma ukiwa juu ya kiti, presapu, miguu ikiwa imeinuliwa, kuinama na kuvuta mtungi wa maji hadi kiunoni, na kuinua mitungi miwili kutoka chini, mgongo ukiwa umenyooka. Panga presapu na kuvuta zifuatane, kwani kifua hupumzika mgongo ukifanya kazi. Kwa mpango huo dakika 20 hadi 25 zinatosha, ukiwemo muda wa kupasha mwili joto. Usiuruke huo ili kuokoa muda: fanya marudio kumi mepesi kabla ya seti nzito ya kwanza ya kila zoezi.

Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20, na kilo moja hivi ya mtungi wenyewe. Usiujaze nusu, maji huyumba na kukuvuta kiganja. Ukitaka uzito zaidi tia mchanga mkavu, ambao hufikisha kama kilo 30, kisha upime kwenye mizani ya posho mili. Chagua uzito unaokuchosha kati ya marudio 6 na 20. Ukifika 20 kwa mwendo safi, ongeza. Inua kwa sekunde moja, shusha kwa mbili au tatu. Wapo wanaofundisha rudio moja lichukue zaidi ya sekunde 10. Huo ni usumbufu tu, na msuli hujengeka kidogo zaidi ukifanya hivyo.

Makosa yanayoharibu ni machache lakini mazito. Mtu hubana pumzi na shinikizo la damu hupanda ghafla. Pumua nje unapoinua, na mwenye presha amwone daktari kwanza. Mwingine hulala chini ya upau wenye makopo ya saruji, peke yake, akiutafuta ukomo, yaani pale mwili unapokataa kuinua tena: upau ukimwangukia kifuani hakuna wa kuuinua. Ukomo utafute kwenye presapu, si hapo. Na mgeni asifike ukomo wiki mbili za kwanza. Aache akiba ya marudio matatu. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi, msuli umevunjika kupita kiasi. Hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Chakula nacho: lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, yaani 112 kwa mtu wa kilo 70. Ugali na sukuma peke yake havifiki. Yai moja lina gramu 6, nusu lita ya maziwa kama 16, na omena waliokauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa bei ambayo nyama haiigusi.