Hakuna kitu kinaitwa "kupokea simu tu"

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye kikao cha kupanga mafunzo, tukafika kwa wapokea simu za dharura, mzee mmoja wa heshima zake akafunga daftari akasema hawa tuwape siku mbili zinatosha, kwani si wanapokea simu tu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nimelisikia hilo neno "tu" kwenye vikao, kwenye misiba, kwa ndugu zangu wa damu, na safari hii nimechoka kweli kweli, nikarudi nyumbani nikaanza kuandika haya.

Mimi ni muuguzi. Nilikaa kwenye hedseti nikipokea simu za dharura miaka sita, sasa hivi nafundisha wengine. Kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri, manake hiyo "tu" ndo inayoamua mtu afundishwe siku ngapi, alipwe nini, na akivunjika nani amshike mkono.

Naanza na lawama tunayopigwa nayo kila siku, kwamba tunauliza maswali mengi wakati mgonjwa anakufa. Swali la kwanza ni uko wapi, la pili ni nini kimetokea, na hayo mawili ndo yanaitoa gari ya wagonjwa. Kila swali linalofuata linaulizwa gari ikiwa imeshaanza kutafutwa au imeshatoka, na hilo swali ni tiba. Chukua mfano wa saa nane usiku, mtu anapiga, "dada, shemeji yangu kajifungua salama ila damu haikati". Nikimuuliza kondo la nyuma limetoka au bado, kanga ngapi zimeshalowa, anaongea au anasinzia, sipotezi muda. Nataka kujua kama nimwambie amsugue tumbo chini ya kitovu mpaka ahisi kitu kigumu mkononi, au nimwambie kwanza asithubutu kuvuta kamba ya kitovu cha mtoto. Mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na kuna vijiji vyetu ambavyo gari pekee itatumia saa moja na nusu kufika na kurudi lami. Hizo saa mbili ziko mikononi mwa nani? Shemeji, na sauti iliyo sikioni mwake.

Watu wanaposifia m-mama, ule mfumo wetu Tanzania wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na namba yake ya bure 115, tangu isambazwe nchi nzima kuanzia 2022, wanasifia magari na madereva wa jamii wanaotoka na magari yao wenyewe usiku. Nawasifia na mimi, wanastahili. Vifo vya wajawazito kwa takwimu za kitaifa vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 hadi 104 kwenye ule wa 2022, na simu haikufanya hayo yote, kuna dawa, kuna damu salama, kuna vituo vya upasuaji vilivyojengwa. Ila dereva haamki mwenyewe saa nane usiku. Kuna mtu kamuamsha, na huyo mtu ndo ameamua mgonjwa apelekwe kituo cha karibu au apitilizwe hospitali yenye upasuaji.

Suala la "uko wapi" nalipita haraka. Tuliwekewa vibao na namba za nyumba mwaka 2022 kwenye ile operesheni ya anwani za makazi, jambo zuri sana, lakini mtu mwenye mama yake sakafuni hakumbuki namba ya nyumba. Atakwambia pale kwenye mashine ya kusaga, ulizia kwa Mzee Kobasi. Unamfundisha mpokea simu atulie, aulizie msikiti, shule, mnara, kisima, halafu aombe mtu mmoja atoke barabarani na tochi. Inatosha.

Sasa nije kwenye kitu kinachonikosesha usingizi, na kitachukua nafasi kubwa.

Kadi za maswali zinazotumika kwenye kazi hii sehemu nyingi duniani zina mizizi yake Marekani. Daktari mmoja wa Salt Lake City, Jeff Clawson, mwishoni mwa miaka ya 1970 ndo aliandika kadi za kumwongoza mpokea simu aulize nini na amwelekeze nini mpigaji. Kabla ya hapo mpokea simu alikuwa kama yule opereta wa zamani wa kuunganisha laini. London walipoanzisha 999 mwaka 1937, kazi ya wale wadada ilikuwa kuunganisha simu na polisi, zimamoto au gari la wagonjwa, basi. Hiyo "tu" ya kwenye kikao chetu ina umri huo, ilikuwa na ukweli fulani wakati huo na mpaka leo watu wameing'ang'ania.

Kadi zikaja kwetu, zikatafsiriwa. Kwenye kadi kuna swali moja linaloamua uhai: anapumua? Lina jibu la ndiyo au hapana. Asee, hilo swali kwa Kiswahili ni mtego. Moyo ukisimama ghafla, mtu anaweza kuendelea kuvuta pumzi za ajabu kwa dakika kadhaa, anakoroma, anatweta kama samaki nchi kavu, halafu kimya, halafu tena. Huko si kupumua. Mpigaji ukimuuliza anapumua anakujibu "anapumua kwa mbali", au "anakoroma", au "ndo anakata roho hivi", na huyu wa mwisho ameshaanza kukata tamaa, ndugu wengine wameshaanza kumsomea. Mpokea simu aliyefundishwa siku mbili anasikia neno "anapumua", anajaza ndiyo, anaendelea na swali linalofuata. Mgonjwa anakufa kwenye kijisanduku kilichojazwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo mimi nafundisha hivi. Ukisikia hajitambui na neno lolote la ajabu kuhusu pumzi, acha kuuliza anapumua. Mwambie mpigaji, "weka macho kifuani kwake, kila kifua kikipanda niambie sasa". Kisha funga mdomo usikilize. "Sasa." Kimya. Kimya bado. Unahesabu sekunde kichwani, na ukifika sekunde kumi hujasikia "sasa" ya pili, umeshajua, mikono kifuani, haraka. Kubonyeza kifua ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na huko King County jimbo la Washington wamekuwa wakifundisha wapigaji kwenye simu tangu miaka ya 1980, si maajabu mapya. Ila hata hapo Kiswahili kina lake. Ukihesabu mpaka thelathini kama kadi inavyotaka, ukifika "kumi na saba, kumi na nane" mikono yote imepoa, maneno ni marefu, mapigo yanapungua kasi. Tunahesabu moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, tunarudia hivyo hivyo mpaka gari ifike. Hili halimo kwenye kadi, tumelipata kwa kufanya mazoezi kwenye doli na saa ya ukutani.

Na si pumzi peke yake. Pwani huku mtu atakupigia akwambie "mke wangu kapandisha mashetani", mke ana mimba ya miezi minane. Mpokea simu ambaye hajaandaliwa atacheka au atakata. Aliyeandaliwa habishani na mashetani ya mtu, anauliza mwili unakakamaa? macho yamegeuka? miguu ilikuwa imevimba siku hizi? alilalamika kichwa? Hicho ni kifafa cha mimba mpaka ithibitike vingine, alazwe ubavu wa kushoto, asiwekewe kijiko mdomoni, na gari itoke kwa dharura ya juu. Kuna mtu anasema "amezimia" akimaanisha kizunguzungu, na mwingine anasema "amezimia" mgonjwa hajitambui nusu saa. Hayo yote utayafundisha siku mbili, na siku ya pili mchana watu wanasaini posho?

Haya, simu imeisha. Gari imefika, unasikia mlango, mtu anasema "wamekuja", simu inakatwa. Hapo ndo wanaosema "wewe huoni damu, unaumia nini" wanapokosea kabisa. Muuguzi wa wodini anaona mwisho, akizika ndani ya moyo wake anajua anazika nini. Sisi tunabaki na sauti bila mwisho, na kichwa kinaumaliza mwisho chenyewe, kinachagua mbaya kuliko wote. Watafiti wa Northern Illinois University huko Marekani mwaka 2012 walichapisha walichokikuta kwa wapokea simu 171, na simu iliyotajwa zaidi kuwa mbaya kuliko zote ni ya mtoto kuumia au kufa ghafla. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 nao ulishaweka wazi kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe kwa kukutana mara kwa mara na undani wa matukio ya kutisha kazini, hata kama hakuwepo pale. Lakini hata huko kwao mgawanyo wa serikali wa kazi umewaweka kundi moja na makarani wa ofisini, mpaka mbunge Norma Torres, ambaye mwenyewe alikuwa mpokea simu za 911 Los Angeles, akapeleka muswada bungeni kulibadilisha hilo. Kwa hiyo hiyo "tu" si yetu peke yetu.

Kuna binti mmoja nilimfundisha, mzuri sana kazini. Alipokea simu ya mtoto aliyetolewa kisimani, akamwongoza baba yake dakika kumi na tisa, moja mbili tatu nne, mpaka gari ikafika. Simu iliyofuata, haikupita hata dakika, ni watoto wanacheza na namba ya bure, wanacheka wanakata. Akaipokea kwa adabu. Msimamizi wa zamu akamuuliza mbona simu ile ilichukua muda mrefu, wengine wamesubiri. Hilo ndo swali pekee aliloulizwa usiku ule. Wiki mbili baadaye mumewe akanipigia akasema mama, mwenzangu anahesabu usingizini, na akiosha vyombo anahesabu, moja mbili tatu nne.

Nilipokaa naye hakutaka semina. Alitaka kujua kitu kimoja, mtoto alipona? Nikapiga simu hospitali. Hakupona. Nikamwambia, saa nne asubuhi, katikati ya zamu yake, na akarudi kwenye hedseti. Vitabu vinasema mpe mfanyakazi mrejesho, na mimi nilikuwa nafundisha hivyo hivyo kwa kujiamini. Leo sina ile imani. Naamini bado mtu ana haki ya kujua, ila nimeona habari ileile ikimpumzisha mmoja na kumvunja mwingine, kwa hiyo sasa nauliza kwanza "unataka kujua?", na nauliza baada ya zamu, kamwe si kabla. Mmoja alisema hapana, akarudi baada ya miezi mitatu akasema sasa niambie.

Na vile vikao vya kukusanya watu wote baada ya tukio kubwa, kila mtu alazimishwe kusimulia alivyojisikia, nimeviendesha kwa miaka. Nimeacha. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2002 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kuzipima tafiti za afya, yalikuta kikao cha mara moja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa wa kiwewe na kinaweza hata kudhuru, na Shirika la Afya Duniani nalo halikishauri. Badala yake tunafanya vitu vidogo. Mtu anatoka kwenye hedseti dakika kumi na tano bila kuomba, anapewa chai, anakaa na mwenzake aliyewahi kukaa kiti kilekile, akitaka kuongea ataongea, akinyamaza anyamaze. Baada ya wiki anaulizwa tena, analala? anakula? anahesabu? Akiwa hayuko sawa anapelekwa kwa mtaalamu na jina lake haliandikwi kwenye ubao wa zamu. Sikuhakikishii kwamba ile chai inatibu kitu, inawezekana kinachosaidia ni mtu tu kuona kuna aliyemuona. Naiendeleza.

Kitu kingine, rekodi za simu. Vituo vingi zinasikilizwa mtu akishakosea, anaitwa ofisini, anapewa barua. Matokeo yake wanajifunza kusoma kadi neno kwa neno ili wasikosee, na ndo hapo "anapumua kwa mbali" inajazwa ndiyo. Sisi tunasikiliza pamoja kila wiki simu mbili zilizoenda vizuri na moja iliyotushinda, aliyeipokea anaongea wa kwanza, na hakuna barua.

Kwenye kile kikao niliomba wiki sita: mbili za darasa na doli, nne za kukaa pembeni ya mzoefu na hedseti ya pili ukisikiliza tu kabla hujaruhusiwa kusema neno. Tumebishana mpaka adhuhuri, yule mzee akasogea kidogo, tumepewa siku kumi. Tunaanza Jumatatu. Siku ya kwanza yote, asubuhi mpaka jioni, tutakaa kwenye neno "anapumua".