Maziwa Hayaoshi Vumbi la Pamba Kifuani

Katika viwanda vya nguo vya Mombasa, kuanzia Changamwe hadi Jomvu, wengi wanaamini kwamba ukinywa maziwa baada ya zamu, vumbi la pamba litatoka kifuani. Si kweli. Maziwa huenda tumboni. Vumbi limeingia mapafuni kwa njia ya hewa. Yanywe kama chakula, ni mazuri.

Mapafu hujisafisha yenyewe. Ndani ya njia za hewa mna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma makohozi juu, pamoja na vumbi lililonaswa, hadi uyateme au uyameze. Vumbi likizidi siku baada ya siku, kazi huvielemea.

Kwa wanaochambua na kusokota pamba ghafi, ambako vumbi ni zito kuliko kwenye cherehani, kuna ugonjwa wenye dalili ya ajabu: kifua hubana Jumatatu, baada ya mapumziko, kisha hupata nafuu wiki ikisonga. Mtu hudhani amezoea. Miaka ikipita, pumzi inaweza kubaki fupi moja kwa moja.

Kinachoniuma ni kwamba imani hii ya maziwa humbebesha mfanyakazi mzigo usio wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri azuie vumbi: feni za kulifyonza linakotokea, hewa ya kutosha, barakoa inayoshika uso vizuri. Leso haitoshi. Na kupuliza mashine kwa kompresa hulirusha tena hewani. Livutwe kwa mashine ya kufyonza.