Je, kuwakusanya watu wa asili tofauti chuoni kunatosha?

Wengi wanaamini kwamba chuo kikuu cha mjini kikishapokea wanafunzi wa kila asili, dini na kipato, mabadiliko mema katika jamii yatakuja yenyewe. Imani hii ina msingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006, uliojumuisha tafiti zaidi ya 500, ulionyesha kuwa watu wa makundi tofauti wakikutana, kwa kawaida chuki baina yao hupungua.

Ila kuwa mahali pamoja si lazima kuwe kukutana. Ingia bwaloni saa ya chakula cha mchana: mara nyingi utakuta kila meza na lugha yake, waliosoma shule moja wamebanana kwenye benchi moja. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wa saikolojia ya jamii wameeleza kinachoongeza nguvu ya kukutana: watu wawe na hadhi sawa, lengo moja, washirikiane kulifikia, na uongozi uwaunge mkono. Wanafunzi wanne wanaoandaa pamoja kesi ya mpangaji anayefukuzwa, katika kituo cha msaada wa sheria cha chuo, hujuana kuliko bango lolote la ukaribisho linavyoweza kuwajuanisha. Na mpangaji naye anapata mtetezi. Kwangu mimi, hapo ndipo chuo kinapoanza kuwa cha mji wake.

Unaweza kuchunguza mwenyewe kama chuo fulani kimefika hapo. Usiishie kwenye picha za kijitabu cha chuo. Uliza nani wanahitimu, si nani wanasajiliwa tu. Waulize majirani wa chuo kama walisikilizwa kabla mradi wa chuo mtaani kwao haujaanza, na kama kuna mwanafunzi aliyerudi kwao muhula ulipokwisha.